Kura ya Vikombe na Seva Iliyolala

Habari ilifika kwenye benchi kabla kahawa ya pili haijachemka. Ililetwa na Spika, karani mstaafu wa mahakama, mtu ambaye tangu aachane na kazi hajawahi kusoma kitu kimoyomoyo. Alivaa miwani, akainyoosha simu mbele ya uso wake kama hukumu, akakohoa mara mbili ili wenye minong'ono wanyamaze.

"Sikilizeni. 'Tahadhari kwa wakazi wote. Tovuti za mtaa mzima zimelala tangu asubuhi. Ya duka la dawa haifunguki, ya shule ya udereva haifunguki, ya timu ya mpira haifunguki, ya fundi majeneza haifunguki. Mwenye taarifa atoe.' Mwisho wa kunukuu."

"Hata ya fundi majeneza?" aliuliza Wembe, kinyozi, ambaye benchi limeegemea ukuta wa kibanda chake na kwa hiyo hujiona mwenye nyumba. "Basi leo hafi mtu. Ufe uzikwe na nini?"

"Majeneza yake yapo dukani, hayapo kwenye simu," alisema Sindano, fundi cherehani.

"Yapo, lakini marehemu wa siku hizi ana maringo. Anataka achaguliwe rangi akiwa amelala kwake."

Shangazi, mwenye birika na mwenye vikombe, alicheka hadi akamwaga kidogo kwenye jiko. Yeye si shangazi wa yeyote pale. Aliwahi kuitwa hivyo na mtoto wa kaka yake aliyekuja kuazima kijiko, jina likaganda.

Hapo ndipo Waya alipotoka. Nyuma ya kibanda cha Wembe kuna chumba kimoja chenye mlango wa bati, na ndani ya chumba hicho ndiko ziliko tovuti zote zilizotajwa, zimekaa pamoja ndani ya seva moja nyeusi yenye feni inayokoroma. Mwenye seva ni Waya. Alikuwa humo tangu asubuhi, shati limemganda mgongoni, na sasa alitoka kuvuta pumzi. Aliketi ncha ya benchi. Shangazi akampa kikombe bila kuombwa, kwa sababu kuna nyuso ambazo hazihitaji kuagiza.

"Ah, Waya, umefika wakati mzuri," alisema Spika. "Tunachambua tukio. Mimi naona mkono wa mataifa makubwa."

"Wanataka nini huku?" aliuliza Wembe.

"Shule ya udereva. Fikiria, vijana wetu wote wakijua kuendesha, nani atanunua mashine zao za kujiendesha zenyewe? Hapo pana ujasusi wa kiuchumi."

"Hamna kitu," alisema Sindano. "Ni jua. Nilisikia jua lina siku linapiga chafya, basi kila chenye umeme huku chini kinapata mafua."

"Acheni kuzunguka," alisema Wembe. "Ni papa. Nyaya za mtandao si zinapita chini ya maji? Papa ameona kitu kirefu, cheusi, kinatetemeka. Wewe ungekuwa papa ungekiacha?"

Waya alikunywa kahawa. Kilichomuuma si kwamba walikuwa wanasema upuuzi, maana benchi lisilo na upuuzi ni ubao tu. Kilichomuuma ni kwamba wote watatu walikuwa wanajua vizuri kilichotokea. Walikuwepo. Tena walishiriki. Na bado walimtazama usoni wakamzungumzia papa, na kibaya zaidi, kicheko kilikuwa kinamtekenya kooni wakati hali yenyewe ilikuwa ya kulia.

Simu yake ililia. Alikuwa mke wake.

"Mume wangu, uko kazini?"

"Niko."

"Mama anakuja huko baada ya adhuhuri. Na wenzake wote wa kikundi."

Waya aliweka kikombe chini. "Kufanya nini?"

"Kuona tovuti. Kikundi kinatafuta fundi wa kuwatengenezea yao. Jana kwenye kikao wakaanza kutaja mafundi wa mjini, mama akasimama akawaambia, 'Mkwe wangu hana mpinzani, njooni kesho mjionee.' Nilikuwepo, nimesikia kwa masikio yangu."

"Mama yako? Alisema hivyo?"

"Hivyo hivyo. Hata mimi nilishtuka. Tovuti si ipo?"

"Ipo," alisema Waya, na hakudanganya, kwa kuwa hata nyumba iliyopotelewa na funguo ipo.

Alirudisha simu mfukoni. Mama mkwe wake alikuwa mwalimu mkuu kabla ya kustaafu, na mtaa mzima bado unamwita Mwalimu, pamoja na wale ambao aliwachapa. Siku hizi anakodisha magauni ya harusi. Waya ndiye aliyemtengenezea tovuti: picha za magauni, na kalenda ambayo bibi harusi anachagua siku yake humo humo. Lakini tangu amuoe binti yake, Mwalimu hajawahi kumwita jina lingine zaidi ya Bwana Fundi. Akifika kwake hutandikiwa kitambaa. Chai huja na kisahani. Siku moja alivunja bakuli la kioo lililorithiwa kwa bibi, na Mwalimu akatabasamu, akasema, "Hakuna neno, Bwana Fundi, lilikuwa la zamani." Adabu ile ilimtesa kuliko matusi. Alijua kwamba katika nyumba ile yeye ni mgeni wa kudumu. Na jana, kwa mara ya kwanza, mwanamke yule alisimama mbele ya wenzake akajivunia yeye, na leo wenzake wanakuja kukuta kioo cheupe kimeandikwa kosa. Aibu haitakuwa yake peke yake. Itampata mama wa watu aliyemsemea.

"Nani huyo?" aliuliza Wembe. "Mbona umekuwa na rangi ya majivu?"

"Mwalimu anakuja. Na kikundi chote. Kuona tovuti."

Kikombe cha Sindano kiligonga meno. Yeye alisoma kwa Mwalimu madarasa matatu, mojawapo alilirudia.

"Basi mwambie habari ya papa," alisema Spika kwa sauti ndogo.

"Hakuna papa," alisema Waya. "Hakuna jua. Hakuna mataifa makubwa. Walioangusha seva ni nyinyi na mimi, hapa hapa tulipokaa, na vikombe hivi hivi."

Lazima ieleweke kwamba benchi lile lina sheria yake. Jambo likizidi ubishi, hupigiwa kura kwa vikombe. Anayekubali huacha kikombe chake kimesimama, anayekataa hukifunika juu ya ubao. Kwa njia hiyo wamewahi kumfukuza kocha wa timu ya taifa, wakazindua barabara ambayo haijajengwa, na wakatangaza kwamba mvua za mwaka jana hazikuwa halali. Asubuhi ile paneli, yaani ule ukurasa anaoutumia Waya kuziongoza tovuti zote, ilimwambia kwamba limetoka toleo jipya, je, alipokee? Kazi yake ni kujibu maswali ya namna hiyo. Lakini Waya aliogopa. Aliwahi kusikia habari za mafundi wenzake waliopokea wakalia. Basi akabeba laptopu yake, akaja nayo benchini, akawasomea, na vikombe vikaamua. Wakakubali, akabonyeza, kisha akaitwa dukani kupokea mzigo wa nyaya. Aliporudi, laptopu ilikuwa imefungwa, na tovuti zote zilikuwa zimekata roho.

"Ngoja kwanza," alisema Spika. "Kumbukumbu zionyeshe kwamba mimi nilikuwa mwenyekiti wa kikao, na mwenyekiti hapigi kura."

"Ulipiga. Tena ulisema maendeleo hayazuiliki."

"Nilikuwa nanukuu."

"Mimi nilifunika," alisema Wembe. "Ninajijua. Mimi vitu vya kisasa nina mashaka navyo. Hata ile mashine ya kunyolea ya kuchaji ilinichukua mwaka kuizoea."

"Aliyefunika ni mimi," alisema Sindano. "Nilisema, jamani, nguo isiyo na tundu haihitaji kiraka. Hamkunisikia?"

"Hukusema."

"Nilisema moyoni, lakini kikombe nilikifunika."

"Basi wawili mmefunika na mwenyekiti hakupiga," alisema Waya. "Hakuna kikombe kilichokubali, na bado mimi nikabonyeza. Kumbe nina wazimu."

"Sisi hatukutaka kulisema," alisema Wembe kwa huruma.

Shangazi alikuwa anafuta birika kwa kitambaa. Hakuinua kichwa. "Ubao sijaufuta tangu asubuhi," alisema. "Kikombe kikifunikwa kinaacha duara la machicha. Hebu inukeni."

Hawakutaka kuinuka. Aliwatazama tu, nao wakainuka mmoja mmoja, kila mtu akijipapasa suruali. Pale katikati ya ubao palikuwa na duara moja jeusi. Moja tu.

"Langu," alisema Wembe, na akapiga kifua. "Nimewaambia. Mimi ni mtu wa msimamo."

"Ni lako kweli," alisema Shangazi. "Lakini hukufunika kura, baba. Ulimfunika inzi. Ulisema, 'Leo nimemkamata huyu mshenzi,' ukaniita nije nimuone."

Spika alicheka hadi miwani ikamtoka. Hata Waya alicheka, na akajichukia kwa kucheka, kisha akacheka tena. Kura ilikuwa imepita bila kupingwa na yeyote isipokuwa inzi.

Sindano ndiye aliyeumia zaidi. Ni mtu asiyependa kuchekwa, na mtu wa namna hiyo akibanwa husema hata ambayo hakuulizwa. "Sawa, nilikubali. Wote tumekubali. Lakini mimi angalau nilichukua hatua. Wewe Waya uliondoka, hawa walikuwa wanagombana kuhusu golikipa, mimi ndiye niliyekuwa naitazama laptopu yako. Ilipoanza ujeuri nikaifunga."

"Ujeuri gani?" aliuliza Waya.

"Ilikuwa inakwenda vizuri tu, maandishi yanateremka, yanateremka. Halafu ikasimama. Ikaandika sentensi moja ndefu ya Kizungu, mwisho wake alama ya kuuliza. Nikaona, hee, watu wazima wanaongea, mashine inaingilia. Nikafunga kifuniko, nikaweka kikombe juu ili isijifungue."

Waya alimshika Sindano mabega mawili, na Sindano akafumba macho akingoja kofi.

"Iliuliza swali?"

"Iliuliza. Kwani ni siri?"

"Basi haijafa," alisema Waya.

"Nani?"

"Seva. Mimi nimekaa ndani tangu asubuhi nikifikiri diski imeungua. Haijaungua. Ilisimama katikati, ikauliza, haikujibiwa, ukaikatia mawasiliano. Ya zamani imeshatoka, mpya haijaingia."

"Sijaelewa," alisema Sindano.

"Mteja wako amevua suruali ya zamani ili umpime mpya. Akakuuliza, niache mifuko? Wewe ukazima taa ukaenda zako."

Sindano aliiona picha yote kwa mara moja, maana hiyo ndiyo kazi yake. "Kwa hiyo tangu asubuhi yuko uchi?"

"Mbele ya mtaa mzima."

"Tumvalishe basi," alisema Sindano, na akawa wa kwanza kukimbia.

Chumba kile kimejengwa kwa mtu mmoja mwembamba. Waliingia wanne, na Shangazi nyuma yao na birika mkononi kwa sababu hakupata wakati wa kulitua. Seva ilikuwa juu ya rafu ya mbao, taa zake zinakonyeza, feni inakoroma, na poda ya kinyozi imepenya chini ya mlango ikatanda sakafuni. Waya alitoa kompyuta ya mezani iliyozeekea konani, akachomoa kioo chake, akakichomeka moja kwa moja kwenye seva, akatafuta kibodi ya kuandikia chini ya mafaili.

"Swali la msingi," alisema Spika. "Nakala ya akiba unayo?"

"Ninayo."

"Iko wapi?"

Waya alionyesha seva kwa kidevu. "Humo humo."

"Yaani," alisema Wembe polepole, "ufunguo wa akiba umeufungia ndani ya nyumba."

"Wembe, kanyoe watu."

Aliandika amri moja fupi, ile ya kuiambia seva imalizie kazi iliyoachwa njiani. Kioo kilikuwa cheusi. Kisha maandishi meupe yakaanza kuteremka kwa kasi, wakaanza kupumua wote, kisha yakasimama. Sentensi ndefu. Alama ya kuuliza.

"Huyo huyo," alinong'ona Sindano. "Huyo ndiye aliyenijia asubuhi."

Waya alisoma. Swali lilikuwa rahisi. Seva ilisema: faili hii ya mipangilio uliibadilisha wewe mwenyewe kwa mkono wako, sasa imekuja mpya kutoka kwa watengenezaji, ubaki na ya zamani, au uchukue mpya? Na jibu alilijua. Ndani ya ile ya zamani imeandikwa kila tovuti na chumba chake: huyu wa dawa, huyu wa majeneza, yule wa magauni. Ile mpya ni safi kwa sababu ni tupu. Akiichukua, seva itaamka ina afya nzuri na haitamjua mtu. Kidole chake kilikuwa tayari kwenye herufi. Kikabaki hapo. Ile hofu ya asubuhi ilimrudia mwili mzima, kwamba je, nikikosea? Na hofu hiyo ikamfanya atende kosa lile lile kwa mara ya pili. Alisoma swali kwa sauti.

"Mpya," alisema Wembe papo hapo. "Hilo halina mjadala. Kipya kinyemi."

"Malizia methali," alisema Spika. "Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Unataka tumpe Mwalimu kidonda? Ya kale ni dhahabu."

"Ungekuwa na dhahabu ungeshinda kwenye benchi?"

"Tusigombane," alisema Sindano. "Tupige kura."

"Vikombe viko nje," alisema Shangazi.

"Vilete."

Na Mungu ni shahidi, vililetwa. Vilipangwa juu ya rafu, pembeni ya seva. Wembe akaacha chake kimesimama. Spika akakifunika chake kwa heshima zote, akitazama kushoto na kulia. Sindano aliinua chake, akakishusha, akakiinua tena. Alikuwa na kumbukumbu mbaya ya kura ya mwisho. Mwishowe akakilaza ubavu.

"Hiyo nini?" aliuliza Spika.

"Sijakubali, sijakataa."

"Sheria haina kikombe cha kulala."

"Basi iwe nayo kuanzia leo."

Kikombe cha kulala kilikuwa bado na kahawa. Ilitoka taratibu, ikafuata ubao, ikaanza kuelekea kwenye nyaya. Waya alivua shati kabla hajajua kwamba amevua, akajitupa juu ya rafu kifua wazi, akaifuta kahawa nalo kwa mikono miwili huku tumbo lake limeegemea seva. Na hapo mlangoni ikasikika sauti ambayo madarasa ya miaka mingi yalikuwa yakinyamaza yakiisikia.

"Hodi."

Mwalimu alisimama kwenye mwanga wa mlango na mkoba wake mkononi. Nyuma yake walikuwa kina mama wa kikundi, wamejipamba, wanachungulia mabegani mwa wenzao. Walichokiona ni wanaume watatu wamejibana ukutani, mwanamke mmoja na birika, na fundi asiye na mpinzani amekumbatia kisanduku bila shati.

"Shikamoo, Mwalimu," ilisema kona nzima.

"Marahaba. Sindano, simama wima." Sindano alisimama wima. "Bwana Fundi, hujambo? Tumekuja kuona tovuti. Tumewakuta na shughuli?"

Ile sauti ya adabu, ile ya kisahani na kitambaa. Waya alishuka, akavaa shati lenye kahawa, akafunga vifungo vibaya.

"Mwalimu," alianza Spika, "kuna jambo kuhusu papa..."

Mwalimu alimtazama. Spika akaona ni busara kusafisha miwani.

"Mama," alisema Waya, "tovuti haipo. Hakuna tovuti yoyote. Asubuhi niliipandisha seva toleo jipya, ikaishia katikati."

Kina mama waliguna. Mwalimu hakuguna, ila shingo yake ilinyooka kidogo, na Waya aliona kabisa jinsi lilivyomchoma lile neno alilowaambia wenzake jana.

"Nani aliamua ipandishwe?"

"Tulipiga kura."

"Nani na nani?"

Wembe aligundua kwamba dari ina buibui. Sindano alimsaidia kumtazama.

"Hawa," alisema Waya.

"Na hapo kwenye kioo pameandikwa nini?"

"Inauliza swali. Ibaki na mipango ya zamani au ichukue mipya."

"Imemuuliza nani?"

"Mimi."

"Jibu unalijua?"

"Ninalijua, mama."

"Umelijua sasa hivi?"

"Tangu ilipouliza."

Mwalimu alivitazama vikombe, kile kilichosimama, kile kilichofunikwa, na kile kilicholala. "Basi hawa umewaitia nini?"

Angeweza kusema mengi. Angeweza kusema ushirikiano, ushauri, vichwa viwili. Lakini alikuwa amechoka, na ana aibu, na shati lake limelowa. "Ili nikikosea," alisema, "nisiwe peke yangu."

Mmoja wa kina mama alisema "mm" ya mtu aliyeolewa muda mrefu.

"Jibu swali lako," alisema Mwalimu.

Waya alibonyeza. Ya zamani ibaki. Maandishi yaliondoka kwa kasi mpya, mistari juu ya mistari, na watu wote wakasogea hadi pumzi ya Wembe ikawa sikioni mwa Waya. Ukatokea mstari mwekundu. Mstari ukapita, ukafuatwa na mweupe, na mwingine, kisha feni ikashusha sauti, na kioo kikatulia bila swali lolote.

Kisha simu ya Spika ikalia mfukoni, ikalia tena, ikaendelea kulia. Akaitoa.

"Duka la dawa limerudi. Shule ya udereva imerudi. Timu imerudi, na bado iko mkiani." Akavua miwani. "Fundi majeneza amefufuka."

Wembe alimbeba Sindano. Shangazi alimimina kahawa ambayo hakuna aliyeiagiza. Kina mama walikuwa wameshatoa simu zao, wanaelekezana, na sauti zikaanza kupanda: hebu tazama hili lenye mkia, hili la mikono mirefu, na kalenda hii, mwanangu anaweza kuchagua siku akiwa huko huko aliko? Kila gauni lilikuwa mahali pake, na kila bibi harusi kwenye siku yake. Waya alikaa kwenye kiti, akacheka peke yake bila sauti, machozi yanamtoka, na wala hakuyafuta.

Spika alikuwa ameshaanza kuandika taarifa kwa umma. "'Kufuatia juhudi za pamoja za wataalamu wa mtaa...'"

"Tumeirudisha," Wembe aliwaeleza kina mama. "Ilikuwa ngumu, lakini tulikaa pamoja kama timu."

Mama mmoja mnene mwenye miwani, ambaye alionekana kuwa ndiye mweka hazina na ndiye mgumu wa kuridhika, alifunga simu yake. "Mwalimu, nilikuwa na wasiwasi. Lakini ulisema kweli. Mkwe wako ni fundi."

"Kazi ni yake," alisema Mwalimu. "Mkabidhini." Kisha akaweka mkoba wake juu ya meza, polepole, akaanza kukunja mikono ya blauzi. "Ila nirekebishe neno moja. Jana niliwaambia ni mkwe wangu, na mkwe ni mgeni, hagombezwi. Ukimgombeza mkwe, ukoo mzima unaitwa. Nimejizuia na huyu tangu siku ya harusi. Amenivunjia bakuli la bibi yangu, nikajizuia. Leo siwezi tena." Akamgeukia Waya. "Mwanangu, geuza kiti unitazame."

Waya aligeuza kiti.

"Kazi unaijua, jibu unalijua, halafu unakwenda kukusanya wanaume wasio na kazi wakuamulie kwa vikombe? Wewe una akili au una sufuria? Na nakala ya akiba, niambie iko wapi. Humo? Humo ndani? Mwanangu, nani alikufundisha? Keti sawa. Na lile bakuli, tuanzie na lile bakuli, kwa sababu mpaka leo hujaniomba radhi sawasawa."

Akaendelea. Alimgombeza kuhusu bakuli, akamgombeza kuhusu vifungo vya shati, akamgombeza kwa kutokula mchana, akarudi kwenye bakuli. Kina mama walitikisa vichwa kwa kuridhika na kuongezea pale alipopumzika. Waya alisema ndiyo mama, hapana mama, nisamehe mama, na kila alipoitwa mwanangu uso wake ulizidi kung'aa, hadi mweka hazina akauliza kama yule kijana ana homa.

Wale wengine walikuwa wameshateleza hadi benchini, wanasikiliza kupitia mlango wa bati na kufurahia, kwa kuwa hakuna kitamu kama kusikia mwingine anagombezwa. Wembe alikuwa anaiga sauti ya Mwalimu kwa midomo tu. Spika alikuwa ameinua kidole, anahesabu makosa.

"Na nikimaliza na wewe," sauti ilisema kutoka ndani, "natoka hapo nje kwenye benchi."

Alipotoka, alimkuta Shangazi peke yake anafuta ubao. Spika alikuwa ameikumbuka ghafla kesi aliyoiacha alipostaafu, akaiwahi. Sindano alionekana mbali barabarani, anakimbia wima. Na ndani ya kibanda cha kinyozi palikuwa na mteja mmoja, kichwa nusu kimenyolewa, ambaye aliuliza kwa upole kama kuna mtu anayejua Wembe atarudi lini.